Siku mbili Nanyuki: Mama akandwe, nyanya auone mlima

Barabara ya Nanyuki ina ujanja wake. Ukitoka Nairobi asubuhi na kupita Thika, Kenol, Sagana hadi Karatina, Mlima Kenya unauona na kuupoteza mara kumi, na watoto kwenye kiti cha nyuma hushindana nani atauona kwanza. Ni kilomita 200 hivi, saa tatu na nusu au nne kwa gari dogo, ikiwa malori hayajapanga foleni.

Kabla ya kuingia mjini kuna kibao cha ikweta kando ya lami, na vijana wenye beseni, jagi na kijiti cha kiberiti. Hatua chache kaskazini, maji yanazunguka upande huu wakati yakitoka. Hatua chache kusini, yanazunguka upande ule. Ni mchezo mzuri na vijana wanastahili kitu kidogo, lakini mzazi mwenye mtoto wa gredi ya sita na ajue ukweli: katika beseni dogo kama hilo, karibu hivyo na ikweta, mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyaelekeza maji. Anayeyaelekeza ni yule anayeyamimina.

Mstari huohuo wa ikweta unapita ndani ya viwanja vya Mount Kenya Safari Club, hoteli iliyo nje ya mji, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,100. Nyasi zimekatwa zikawa kama zulia, tausi wanatembea juu yake bila haraka, na mlima umekaa mbele yako. Kuna bwawa la kuogelea la maji vuguvugu, farasi, bustani ya ua mrefu ambamo watoto hupotezana, na spa.

Nyumba ya kwanza hapo ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wapenzi wawili kutoka ng'ambo, Rhoda Lewisohn na Gabriel Prud'homme, wakaiita Mawingo. Baadaye ikawa hoteli. Mwaka 1959 mwigizaji wa filamu wa Marekani, William Holden, akainunua pamoja na wenzake wawili, Ray Ryan na Carl Hirschmann, wakaigeuza kuwa klabu ya wanachama. Miongoni mwa majina yanayotajwa kati ya wanachama wake ni Winston Churchill na Bing Crosby. Kumbuka mwaka huo: 1959. Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa rasmi. Iliondolewa Januari 1960.

Familia iliyofika hapo Ijumaa moja wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula haikuwa imekuja kwa ajili ya historia. Baba huuza vipuri vya magari, mama ni mwalimu wa sekondari, binti ana miaka 11 na mvulana sita. Tangu Juni, mama mzazi wa mwalimu huyo, mwenye miaka 78, anaishi nao Nairobi baada ya kiharusi kilichoudhoofisha upande wake wa kushoto. Usiku lazima ageuzwe asipate vidonda vya mgongoni. Saa nne, saa nane, saa kumi na moja. Mwenye kuamka ni mmoja tu, na asubuhi ana somo la Hisabati Kidato cha Tatu.

Baba aliweka fedha kidogo kidogo kwa miezi minane bila kusema. Alipoitoa siri, mkewe hakufurahi. Alichukua kalamu na kumwonyesha kwamba usiku mbili za hoteli ni ziara nyingi za mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye walikuwa wamemsimamisha Novemba kwa kukosa pesa. Hesabu yake haikuwa na kosa. Baba alijibu kwamba fiziotherapia ya mgonjwa inamhitaji pia mtu wa kumsimamisha mgonjwa, na mtu huyo anakaribia kuanguka. Hiyo nayo ilikuwa hesabu.

Waliafikiana waende wawili peke yao. Alhamisi jioni, shangazi aliyeahidi kukaa na mgonjwa na watoto akapiga simu kusema amepatwa na dharura. Kwa hiyo Ijumaa gari likaondoka na watu watano, kiti cha magurudumu kwenye buti, na pakiti ya nepi za watu wazima chini ya miguu ya mvulana.

Vyumba vingi vya hoteli hiyo vina mahali pa moto, na si pambo. Nanyuki ikishaingia jioni, baridi yake haina masihara, na mzazi anayepanga kwenda na abebe sweta nzito hata kama Nairobi kuna jua la kupasua kichwa. Mhudumu huja kuwasha kuni, na wakati mko kwenye chakula cha jioni mtu huingia na kuweka chupa za mpira za maji moto chini ya blanketi. Hapo watoto waambiwe mapema. Mvulana yule alipenyeza miguu kitandani, akagusa kitu chenye joto, akaruka hadi mlangoni akipiga kelele kwamba kuna mnyama amelala.

Nyanya alisukumwa hadi ukumbini, mbele ya dirisha kubwa linalotazama mlima. Alitazama kwa muda, akakunja uso.

"Huu si mlima wangu," akasema. "Wameugeuza."

Watu walicheka, lakini alikuwa sahihi. Yeye ni mzaliwa wa upande wa Karatina, kusini magharibi. Kutoka Nanyuki vilele vya Batian na Nelion havipangiki vile alivyovizoea, na bega la mlima analolijua linakuwa nyuma ya jingine. Akatafuta pia theluji. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, imesinyaa hata ikagawanyika, na mtoto aliyeuona mlima miaka ya 1950 anakumbuka weupe mpana kuliko unaoonekana leo.

Usiku huo, kando ya moto, binti akamwuliza kama aliwahi kufika hoteli hiyo alipokuwa mdogo. Swali hilo lilimchekesha sana Cucu wake. Kisha akaeleza. Mwaka 1954, akiwa na miaka saba, nyumba yao ilibomolewa, wakahamishiwa kijiji kilichozungushiwa uzio wenye walinzi. Wengi walipitia hayo: zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya na maeneo ya jirani walikusanywa katika vijiji vya namna hiyo. Mama yake alitoka kila alfajiri na wanawake wenzake kwenda kuchimba handaki kwenye mpaka wa msitu, ili waliokuwa msituni wasipelekewe chakula. Handaki lile lilienda maili 50 kuuzunguka mlima, na lilichimbwa kwa majembe na makarai. Jioni alirudi amejipinda, akapika, akalala. Mvulana alitaka kujua handaki lilikuwa na mamba. Nyanya akasema hapana, lilikuwa na miti iliyochongwa ncha. Mwalimu alikuwa akisikiliza hayo kwa mara ya kwanza pia. Watu wa kizazi hicho hawasemi, mpaka mtoto wa mtoto aulize.

Jumamosi saa nne asubuhi mwalimu alikuwa na nafasi yake kwenye spa. Wasomaji ambao hawajawahi kuingia huenda wana wasiwasi uleule aliokuwa nao, kwa hivyo ni vizuri kusema wazi jinsi mambo yanavyokwenda. Kwanza unaulizwa kuhusu afya yako: shinikizo la damu, ujauzito, upasuaji wa karibuni, sehemu inayouma. Jibu kwa ukweli, kwa sababu kuna mafuta na mikandamizo ambayo haifai kwa kila mtu. Unaachwa peke yako uvue unachotaka kuvua, unalala chini ya shuka, na anayekukanda hufunua sehemu anayoishughulikia tu, kisha huifunika. Ukitaka mkono mwepesi au mzito, sema. Ukitaka kunyamaza, nyamaza. Hakuna anayekutarajia upige soga. Mwenye shinikizo la damu au mjamzito aulize daktari kwanza kabla ya kuingia sauna au chumba cha mvuke.

Mama alitaka kuingia na simu. Binti yake akanyoosha mkono, akaichukua.

Dakika ishirini baadaye, kwenye nyasi, nyanya akasema anataka kwenda msalani. Hapa ndipo mpango wote ulipokaribia kuvunjika. Baba ni mkwe. Kwa desturi yao mkwe haoni utupu wa mama mkwe wake wala hamshiki, na nyanya angependa kujichafua kuliko kusaidiwa naye. Baba alisimama, akakaa, akasimama tena. Simu ya mkewe ilikuwa mkononi mwa binti, na mkewe alikuwa hatua mia moja kutoka hapo.

Binti hakwenda spa. Alikimbia kwenye jengo akarudi na mama mmoja mfanyakazi wa usafi wa vyumba, aliyeinama, akamsalimu mgonjwa kwa Kikuyu, akamwita Cucu, na kumwuliza anatoka wapi. Mathira. Basi wakawa majirani. Waliondoka watatu, binti akisukuma kiti. Ndani, mfanyakazi akamwonyesha binti jinsi ya kufunga breki za kiti, kuweka goti lake mbele ya goti la Cucu lisiteleze, na kumwinua kwa kumkumbatia kiunoni badala ya kumvuta mkono. Mkono wa upande uliopooza usivutwe kamwe, bega huchomoka kwa urahisi. Ni jambo ambalo kila nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi inafaa kulijua.

Mwalimu alilala kwenye kitanda cha kukandwa. Alilala hasa, mpaka akakoroma, na aliyemkanda akamaliza taratibu na kumwacha. Alitoka saa sita kasoro, alama ya mto imemkaa shavuni. Alipoambiwa yaliyotokea alikasirika, kwanza na mumewe, kisha na binti, kwamba kwa nini hawakumwita. "Mama, ungeamka ufanye nini?" binti akauliza. "Tulikuwa tumeshamaliza." Hakupewa jibu. Mwalimu alikwenda akaketi kando ya mama yake, akamchunguza nguo, akakuta kila kitu kimefungwa sawasawa, na kwa muda mrefu akawa hana la kufanya na mikono yake.

Alasiri ilikuwa ya watoto. Pembeni mwa hoteli kuna makao ya wanyama yatima na hifadhi ambayo Holden na wenzake waliianzisha miaka ya 1960. Wapo wanyama waliookotwa wakiwa wameumia au kuachwa na mama zao, na watoto huruhusiwa kuwalisha baadhi yao chini ya uangalizi. Mvulana alimlisha kobe na akatangaza kwamba hataki tena kuwa rubani.

Lakini mgeni wa heshima hapo ni bongo wa milimani. Ni swala mkubwa wa msituni, rangi ya kutu, mwenye mistari myeupe ubavuni kama aliyechorwa kwa chokaa, na dume na jike wote wana pembe. Porini anapatikana Kenya pekee, katika misitu ya Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu, na waliobaki huko wanakadiriwa kuwa chini ya 100. Ujangili, mbwa wa kuwindia, magonjwa na kukatwa kwa misitu ndivyo vilivyowamaliza. Mwaka 2004, bongo 18 waliozaliwa katika hifadhi za wanyama Marekani waliletwa hapa kwa ndege ili wazaliane. Vizazi vimefuatana, na Machi 2022 bongo watano wa kwanza waliachiliwa katika msitu uliozungushiwa uzio chini ya mlima, wajifunze upya kujitafutia majani na kuogopa watu. Kuogopa watu ndilo somo gumu, kwa mnyama aliyezoea kuletewa chakula.

Nyanya alimtambua. Alisema baba yake alikuwa akiitaja ngozi yenye mistari, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kumwona akiwa hai, miaka yote ile chini ya msitu.

Kwa anayepiga hesabu: ulizia bei ya wakazi, kwa kuwa hoteli nyingi kubwa nchini huwa nayo, na uliza malazi yanajumuisha milo mingapi. Siku za kazi kwa kawaida ni nafuu kuliko wikendi. Spa hulipiwa kando, kwa hivyo ulizia bei kabla ya kuvua viatu. Ukiwa na mtu wa kiti cha magurudumu, piga simu mapema uombe chumba kisicho na ngazi na kilicho karibu na ukumbi. Mzee mwenye shida ya moyo au kifua aulize daktari kuhusu mwinuko huo. Na amka alfajiri: kilele huwa wazi mapema, na ikifika saa nne au tano mawingu huwa yameshakifunika.

Jumamosi usiku saa nane mwalimu aliamka kama kawaida. Taa ndogo ilikuwa tayari inawaka. Binti alikuwa ameshafunga goti lake mbele ya kitanda na Cucu akimwelekeza kwa sauti ya chini, kushoto, hapana, kushoto kwangu. Mama alisogea, akashika upande mmoja, wakamgeuza pamoja.

Jumapili wakati wa kuondoka nyanya akamwuliza mkwewe walilipa kiasi gani. Alimtajia theluthi. Hata hiyo theluthi ilimfanya anyamaze hadi Naro Moru, kisha akasema kwamba ni mtamba huyo, tena wa gredi. Karatina akaomba gari lisimame ili awaonyeshe watoto mlima wake, ule usiogeuzwa. Ilikuwa saa saba mchana na mawingu yalikuwa yameufunika wote. Wakanunua kabichi mbili na ndoo ya viazi, wakaendelea na safari.