Majina Mawili ya Mjomba: Safari ya Swima na Kigoma

Mtu akisimama alfajiri katika ufuko wa Swima, huiona nchi ya wengine kwa macho yake mwenyewe. Mbele yake ni maji ya Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya maji ni milima ya Burundi. Nyuma yake ni milima yetu, ipandayo kuelekea Itombwe. Barabara itokayo Uvira kwenda Baraka na Fizi hupita katikati ya kijiji, baina ya michikichi na mashamba ya muhogo, nao akina mama huanika ndagala kando yake. Wavuvi wetu, upepo ukiwasukuma usiku, husikia Kirundi kwa mbali wakageuza mitumbwi. Kwa ajili hiyo watu wa Swima hudhani kwamba kusafiri ni kupanda chombo tu. Nasi tulidhani vivyo hivyo, hata tulipomsindikiza mjomba wetu Kigoma mwaka 2024.

Mjomba alikuwa na ugonjwa wa ngiri, uliomtesa miaka mingi. Binti yake ameolewa Kigoma, akasema, “Mleteni Baba huku, atapasuliwa nami nitamwuguza.” Basi tukaanza kutafuta hati.

Katika nchi yetu jambo hili si dogo. Pasipoti ya Kongo, tangu mwaka 2015, ilikuwa na bei ya dola 185. Mwaka 2020 serikali iliishusha ikawa dola 99, na hata hivyo mkulima wa muhogo angeipata wapi, ukiongeza nauli ya kwenda Bukavu na kurudi? Zaidi ya hayo, watu wetu wengi hawana kitambulisho cha uraia. Kadi ya mpiga kura ndiyo hutumika mahali pake, na zile zilizotolewa kwa ajili ya uchaguzi wa mwaka 2023, nyingi zilifutika wino kabla hazijakaa sana mfukoni. Katika kadi ya mjomba uso wake ulionekana kama wa mtu aliyesimama ndani ya moshi. Alipewa hati ya safari ya muda, karatasi moja tu, ambayo aliikunja mara nne akaitia ndani ya kitabu chake cha sala, akakifunga kitabu kwa nailoni.

Tulipanda chombo Baraka wakati wa jioni. Mji huo uko ndani ya ghuba, na rasi ndefu ya Ubwari imeufungia upande wa mashariki. Kwa hiyo chombo kiendacho Kigoma huelekea kwanza kaskazini, kana kwamba kimesahau kitu nyumbani, kisha huizunguka ncha ya rasi ndipo kishuke kusini. Usiku ulikuwa wa baridi. Mjomba alikaa juu ya gunia, akikikumbatia kitabu chake kama mama akumbatiavyo mtoto.

Tulipofika bandarini, kijana mmoja wa kazi alimwinamia akasema, “Shikamoo, mzee.” Mjomba akamjibu kwa furaha, “Jambo, jambo sana!” Watu wakacheka kwa wema, maana kwa jibu hilo moja walijua kwamba tumetoka ng'ambo. Tulionyesha kadi za chanjo ya homa ya manjano, tukagongewa mhuri. Hatukulipa viza, kwa kuwa mwaka 2023 nchi hizi mbili zilikubaliana kuiondoa kwa raia wao. Hapo ndipo wengi wa kwetu hupotea. Husema, “Kongo imeingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na viza imekwisha, basi tu huru.” Viza iliondolewa, lakini siku hazikuondolewa. Ndani ya mhuri wa mjomba afisa alikuwa ameandika kwa kalamu kwamba amepewa siku 14, nasi tuliojiita wasomi hatukuisoma kalamu ile.

Hospitalini daktari alimpima akaona shinikizo la damu limepanda mno. Akasema kumpasua mtu katika hali hiyo ni hatari, anywe dawa kwanza mpaka damu itulie. Tukangoja. Siku ya 16 binti yake, katika kupanga vitu, aliifunua ile karatasi akauliza, “Baba, siku zako si zimekwisha?”

Tulikwenda upesi kwa afisa anayehusika, tukiwa na barua ya daktari. Afisa alitukaripia kidogo, na kwa haki. Alisema kwamba mgeni aonaye siku zake hazimtoshi huja kabla hazijakwisha, si baada yake. Maana mhuri ukishapita, hata aliyelala kitandani mwa hospitali ni mkosaji mbele ya sheria. Kisha akaisoma barua, akaitazama hati, akaisoma barua tena. “Mzee,” akasema, “barua hii ni ya nani? Jina hili silo lako.”

Kumbe! Muuguzi alipomwuliza jina, mjomba alitaja jina lake la ubatizo, la mmoja wa Mitume, kama alivyozoea kuitwa kanisani na nyumbani. Hati ya safari nayo ilikuwa na jina jingine kabisa.

Ndugu wasomaji vijana hawakuyaona mambo yale, basi tuwaeleze kwa ufupi. Nchi yetu iliitwa Zaire tangu mwaka 1971. Mwaka uliofuata Rais Mobutu aliamuru raia wote waache majina ya kigeni, watwae ya mababu, na mapadre wakaonywa kwamba atakayembatiza mtoto kwa jina la Kizungu atafungwa. Kardinali Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alitofautiana na serikali juu ya mambo hayo, ikambidi kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mjomba alikuwa mwanafunzi wa miaka 15. Mwalimu wao aliingia darasani na daftari jipya, akamwuliza kila mtoto jina la babu yake. Mtoto mmoja hakulijua la babu, akataja la jirani, nalo likaandikwa. Baada ya mwaka 1990 majina ya ubatizo yalirudi kutumika wazi, lakini vyeti vya wengi vilibaki kama vilivyo.

Huko Tanzania jambo lilizidi kufungamana. Kwao jina la pili ni la baba na la tatu la babu au ukoo. Kwetu kila mtoto hupewa majina yake mwenyewe, na ndugu watatu wa tumbo moja huweza kuwa na majina yasiyofanana hata kidogo. Afisa alimwuliza binti, “Wewe ni mwanawe, mbona hubebi jina lake?” Akalia.

Tulipewa siku tatu za kuleta uthibitisho. Jioni ile wakaja washauri. Wa kwanza alikuwa kishoka mmoja, mtu mwenye maneno matamu, aliyejigamba kwamba ataweza kuurudisha mhuri nyuma kwa fedha kidogo. Hatutaficha: tulizihesabu fedha. Wa pili alikuwa jamaa yetu wa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 katika wilaya ya Kasulu kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya kwetu. Alikuwa ametoka kambini kwa kibali, kwa sababu sheria ya wakimbizi ya Tanzania ya mwaka 1998 hairuhusu mkimbizi kutoka bila hicho. Alisema kwamba jirani yake mzee amefariki, na kadi yake ingalipo. Mjomba aichukue, ajiite jina la marehemu, na hakuna atakayemwuliza siku zake.

Hatumlaumu jamaa yetu. Mtu ambaye kwa karibu miaka 30 amekula, ametibiwa na kuhesabiwa kwa kadi, huiona kadi kuwa dawa ya kila ugonjwa. Walakini kama ingegunduliwa, yeye angeweza kupoteza kila kitu, na mjomba angelala mahabusu na ngiri yake.

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Mwisho akasema, “Mwipwa wangu, mwaka ule walininyang'anya jina nikiwa mtoto, sikuwa na la kusema. Leo mwataka nijinyang'anye mwenyewe, tena nimvue na marehemu lake?” Akageukia ukutani akalala. Tulizirudisha fedha mfukoni kimyakimya, na usingizi haukutujia upesi.

Asubuhi tulikwenda ofisi ya konsuli wa Kongo, iliyopo Kigoma. Karani alisikiliza yote, akauliza swali moja tu: “Baba, huna karatasi yoyote yenye majina ya wazazi wako?” Mjomba akaifungua nailoni. Katikati ya kitabu cha sala mlikuwa na kadi yake ya ubatizo, imekuwa ya manjano, imechanika pembeni, lakini maandishi ya padre yakisomeka vizuri: jina la baba, jina la mama, kijiji, mwaka. Karani akailinganisha na hati ya safari, ambayo nayo ilitaja wazazi. Majina ya wazazi yalikuwa yale yale, mwaka wa kuzaliwa ule ule. Wazazi wake walikuwa wamefariki kabla ya 1972, kwa hiyo hakuna aliyewabadilisha.

Aliandika barua kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Daktari naye aliandika barua mpya, akiyataja yote mawili. Afisa alizisoma, akaongeza siku 30, akamwambia mjomba kwa upole, “Mzee, uponywe. Tena usinifiche jina.” Mjomba alikuwa amekwisha kujifunza; akajibu, “Marahaba.” Ni yule afisa sasa aliyecheka, maana hakuwa ameamkia.

Alipasuliwa wiki iliyofuata, na siku ya 22 kati ya zile 30 tulipanda chombo kurudi. Safari hii tulikuwa tukizihesabu kila asubuhi.

Jumatatu tuliingia darasani hapa Swima. Kabla ya somo tuliyaweka pamoja madaftari mawili, la mahudhurio na la mtihani, tukayasoma majina moja baada ya jingine. Tuliwakuta watoto saba ambao majina yao yameandikwa namna mbili, na matano kati ya hayo kwa mwandiko wetu wenyewe. Tuliwatuma nyumbani wakaulize wazazi, wakimbie, warudi kabla ya kengele ya saa nne.