Leo Hakuna Abiria: Safari ya Kwanza Arabuko-Sokoke

Matatu ya Malindi ilitoka Mombasa alfajiri, na tulipofika Vipingo jua lilikuwa limeanza kupanda juu ya mashamba ya mkonge. Viti vya nyuma tulivikalia sisi wapenzi wa vipepeo, watu tuliokuwa tukijuana kwa picha tu, si kwa sura. Wachache kati yetu ndio waliozoea kutuma picha kwenye kundi letu. Waliobaki, mimi nikiwemo, tulikuwa watazamaji. Mwenye simu ya kawaida atoe nini mbele ya wenye lenzi ndefu?

Kiongozi wetu, mwalimu mstaafu wa baiolojia, alilijua hilo. Tulipolivuka daraja la Kilifi akaanza kugawa kazi. Huyu apige picha za mbawa zikiwa zimefunguliwa, yule azipige zikiwa zimefungwa. Mwingine aandike saa, mahali na mmea alipotua kipepeo. Mimi nikapewa majani: kutafuta mayai na viwavi.

"Leo hakuna abiria," alisema. Kondakta alicheka, akadai nauli.

Tuliteremka Gede, tukamfuata mwongozaji kuingia Arabuko-Sokoke. Msitu huu una kilomita za mraba 420 hivi, na hakuna msitu mkavu wa pwani uliobaki Afrika Mashariki unaoufikia kwa ukubwa. Ndovu wamo, kwa hiyo hatukutawanyika. Kwenye mchanga mweupe chini ya miti ya mrihi, vipepeo walikuwa bado wameanika mbawa juani, kwani hawaruki vyema mpaka miili yao ipate joto. Hiyo ndiyo saa ya mpiga picha. Jua likikolea hawakamatiki.

Mwongozaji alikuwa ametundika mtego wenye ndizi zilizochacha. Ndani yake walikuwamo Charaxes, vipepeo wanene wenye nguvu, wanaopenda tunda lililooza na kinyesi kuliko maua. Kijana mmoja wa chuo, aliyekuwa kimya tangu Mombasa, aliuliza kama kinyesi nacho kipigwe picha. "Kipige," mwalimu akamjibu. "Ndicho kinachotueleza kwa nini kipepeo alikuwa pale." Kuanzia hapo kijana hakunyamaza tena.

Mabishano makubwa yalizuka kwenye uwazi wa nyasi, kwa kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zilizotiwa madoa meupe. Wengi tulisema ni Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu wa sumu, na ndege wakishamwonja humkwepa. Lakini jike la Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu hiyo, huvaa sare ileile ili naye akwepwe. Tofauti yao iko kwenye bawa la nyuma: Danaus ana madoa meusi kadhaa, jike la Hypolimnas ana moja. Picha iliyopendeza kuliko zote ilikuwa imelificha bawa hilo. Ya pili ilikuwa na ukungu kidogo, ila doa lilionekana, moja tu. Aliyeipiga alikuwa karibu kuifuta.

Mchana tulikaribishwa kwa mama mmoja anayefuga vipepeo kandokando ya msitu. "Shikamoo, mama." "Marahaba, wanangu, karibuni." Yeye ni mmoja wa wakulima wa mradi wa Kipepeo, ulioanza Gede mwaka 1993, wakati ambapo majirani wengi waliuona msitu kama shamba walilonyimwa. Mradi uliwapa kazi inayotegemea uhai wa msitu wenyewe: kulea viwavi mpaka wawe pupa, ambazo husafirishwa kwa ndege hadi nyumba za maonyesho Ulaya na Marekani kabla kipepeo hajatoka. Msitu ukakatwa, mbegu ya vipepeo itatoka wapi?

Mama alizitazama picha zetu moja baada ya nyingine. "Mwapiga mbawa tu," akasema. "Na chakula chake je?" Akatuonyesha tawi la mdimu lenye viwavi wa Papilio demodocus: wadogo mfano wa mavi ya ndege, wakubwa kijani kama jani. Kamera hana, lakini orodha yetu ya mimea siku ile ilijazwa na yeye.

Nilielewa kwa nini wengi wetu tulikuwa kimya. Hatukuwa wavivu. Tulikuwa tumeombwa "picha nzuri", na ombi hilo huwafaa wenye kamera nzuri. Mtu akiambiwa kinachokosekana, na kwamba yeye anaweza kukileta, hahitaji kubembelezwa.

Njiani kurudi, mwalimu alitaka kila mmoja aonyeshe picha moja. Hakusifu, aliuliza: jani hili la mti gani, saa ngapi, kulikuwa na upepo? Kisha tukakubaliana kazi ya mwezi: kila mwenye mdimu au mlimau uani, awe Likoni, Voi au Kilifi, apige mayai na viwavi atakaowaona na kuandika tarehe. Wenye lenzi ndefu walianza kuulizana nani ana mlimau.