Vidole Nilivyovipitisha

Mwishoni mwa 2012, nikiwa karani wa BVR, yaani uandikishaji wa wapiga kura kwa alama za vidole, huku Myanga, Bumula, nchini Kenya, nilipitisha alama za vidole nilizojua wazi kwamba hazifai. Hakuna aliyenihonga. Uandikishaji ulipewa siku 30 nchi nzima, foleni haikuisha, na karani alisifiwa kwa idadi ya watu aliowaandikisha. Ubora wa alama hakuna aliyeuuliza.

Mikono ya wakata miwa wa Bumula imesuguliwa na panga na mabua hadi mistari ya vidole ikafifia. Wafyatua matofali vivyo hivyo, na wazee ndio zaidi. Kidole kikiwekwa kwenye kioo, skrini inaonyesha doa la kijivu, na programu inadai kirudiwe. Mimi nilikuwa nakikandamiza kwa nguvu. Kumbe ukikandamiza, mistari inashikana na doa linazidi! Ikikataa tena na tena, programu iliniruhusu kukubali ilivyo, nami nikakubali. Kukhu mmoja, bibi mzee, aliniuliza, "Mwanangu, imenishika?" Nikamjibu imemshika vizuri.

Dawa yenyewe ni rahisi hadi inaniudhi: futa kioo kila mtu akiondoka, mnawishe mwenye udongo, mpanguse kwa kitambaa kibichi mwenye ngozi kavu, kisha aweke kidole taratibu. Dakika chache tu kwa kila mmoja.

Tarehe 4 Machi 2013, siku ya uchaguzi mkuu, sikuumbuka. Vifaa vya kutambua wapiga kura viligoma katika vituo vingi nchini, likatumika daftari la karatasi, na kosa langu likajificha nyuma ya kosa kubwa zaidi. Deni lilikuja kudaiwa kwenye uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017, siku ya KIEMS, mashine mpya za kutambua wapiga kura, nikiwa karani kituo kilekile. Mashine hulinganisha kidole cha leo na alama ya siku ya kuandikishwa. Alama ikiwa mbovu, hata kifaa kiwe kipya namna gani, kitalinganisha na nini? "Mashine imenikataa," wazee wakawa wanasema, mmoja baada ya mwingine. Tuliwatafuta kwa namba ya kitambulisho, wakajaziwa fomu, wakapiga kura. Lakini walisimamishwa kando kwanza, na kwenye foleni nikasikia watu wakinong'ona kwamba hao ni wa kuletwa.

Nilinyamaza. Jioni, kwenye ripoti, mahali pa sababu, niliandika: ngozi ya mpiga kura.