Pikapu Iliyolala Miaka Kumi na Miwili

Mimi ni maalim wa chuo cha Kurani, wala si fundi wa motokaa, na elimu yangu ya skuli iliishia darasa la saba. Basi asishangae mtu akiniona naandika habari za injini, kwani habari hizi ni za nyumba yetu, nami naziandika kwa haya zaidi kuliko kwa raha.

Marehemu Baba alikuwa na pikapu ndogo, Datsun 1200, aliyoinunua kwa mtu mwaka 1983. Kwa gari ile alichukua machungwa kutoka Muheza hata soko la Tanga, mwendo wa kilomita 35 hivi, na kwa machungwa yale tulikula, tukavaa, tukaozwa. Alifariki mwaka 2009, akamwacha Mama na sisi watoto watatu: mimi, ndugu yangu mwanamume anayenifuata, na umbu letu, kitinda mimba. Madeni yakalipwa, na shamba likagawanywa mwaka uliofuata. Ikabaki gari. Kwa hesabu iliyowekwa katika Surat Nisaa, aya ya 11 na ya 12, mali ya Baba ilikuwa mafungu 40: Mama 5, sisi wanaume 14 kila mmoja, na umbu letu 7. Lakini motokaa haikatwi mafungu arubaini, haina budi kuuzwa.

Mwaka 2010 alikuja mfanyabiashara, akataja shilingi 3,500,000. Ndugu yangu akasema tuuze. Mimi niliyekuwa mkubwa, na mambo ya mirathi yako mkononi mwangu, nikasema, "Ngojeni kwanza." Hoja yangu ilikuwa kwamba mlio wa injini ile ni kama sauti ya Baba, na sikutaka kuisikia mlangoni pa mtu mwingine. Maneno yalikuwa matamu; Mama akalia, wenzangu wakanyamaza. Gari ikawekwa chini ya mwembe. Nikaiwasha mara mbili tatu, kisha betri ikafa, nami nikaiacha. Ndugu yangu akapunguza kuja nyumbani.

Mwaka 2021 akapita mnunuzi wa vyuma chakavu, akaizunguka mara moja, akasema laki tatu. Umbu langu alikuwapo. Akasema kwa upole, "Kaka, tuuze tu, kila mtu apate chake." Usiku ule nikapiga hesabu. Fungu lake katika bei ya mwaka 2010 lilikuwa shilingi 612,500. Katika bei ya vyuma chakavu lilikuwa 52,500. Nikaitazama karatasi ile muda mrefu. Sikumwibia mtu kwa mkono wangu, lakini kwa neno langu "ngojeni" mali ya wenzangu iliyeyuka chini ya mwembe, nami nikipita mbele yake kila siku kwenda kufundisha watoto habari za amana.

Asubuhi nikamwendea fundi mmoja kijana, aliyehitimu Kurani chuoni kwangu. Nilidhani atatia betri mpya na kuzungusha ufunguo. Akanizuia. "Maalim, ukiizungusha kwa stata sasa, utavunja ringi za pistoni." Akanieleza kwamba injini ikisimama muda mrefu, hewa yenye unyevu huingia ndani ya silinda kupitia valvu zilizobaki wazi, na hewa yetu ya pwani ina chumvi. Kutu hushika baina ya ringi na ukuta wa silinda, mpaka viwili vile vikawa kama kitu kimoja. Kwa hiyo haitakiwi nguvu, hutakiwa mafuta na siku.

Akazifungua plagi nne. Ya tatu ilikataa, ikamtoa jasho hata adhuhuri. Akamulika ndani kwa tochi, akaniita nitazame. Silinda tatu zilikuwa na rangi ya chuma, na ile ya tatu ilikuwa nyekundu kama udongo wa Lushoto. Akachanganya dizeli na oili, akatia vijiko kadhaa katika kila silinda, akaziba matundu kwa vitambaa safi, akaniambia, "Tuonane kesho alasiri." Na kesho yake akafanya vilevile. Siku tano mfululizo akatia mafuta, akaweka spana kubwa kwenye nati ya puli ya krenki, akaivuta kidogo mbele, kidogo nyuma, kisha akaacha. Siku ya tatu nikashindwa na subira, nikataka kuning'inia juu ya ile spana kwa uzito wangu wote. Akanishika mkono, akacheka: "Maalim, mimi nilipokuwa sijui Alif wala Be, uliningoja miezi mingapi?" Sikuwa na jibu. (Wasomaji walio walimu wataelewa jinsi ilivyo mtu kurudishiwa somo lake mwenyewe mbele ya wanafunzi wake wadogo, kwani walikuwa wamejaa ukutani wakitazama.)

Siku zile nikampelekea habari ndugu yangu. Sikumwomba kitu, nilimwambia tu kwamba gari inafunguliwa. Siku ya sita akaja, hakusema neno, akavua kanzu, akaingia na singlendi yake, akashika spana pamoja na fundi. Wakavuta. Ikasogea upana wa kidole. Wakairudisha, wakavuta tena, ikasogea upana wa mkono, ikatoa sauti ya kukwaruza, kisha ikazunguka mzunguko mzima. Ndugu yangu akanitazama, akasema, "Kaka, haijafa." Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya heri baina yetu tangu muda mrefu.

Yaliyofuata yalikuwa mengi, nami nitayapita upesi. Oili ilipofunguliwa chini, kwanza yalitoka maji, kwani maji ni mazito, hukaa chini ya mafuta. Kisha ikafuata oili nyeusi, nzito kama lami. Katika kichujio cha hewa panya walikuwa wamejenga nyumba kwa karatasi za daftari za wanafunzi wangu nilizoziweka ndani ya gari kwa magunia, na katika bomba la moshi nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo. Petroli iliyobaki tangini ilikuwa na harufu ya vanishi. Fundi akasema petroli ikikaa, sehemu yake nyepesi huruka hewani, na inayobaki huwa gundi. Gundi ile ilikuwa imeziba vitundu vya kabureta, navyo ni vyembamba kama ncha ya sindano. Nikampa waya, akakataa, akasema waya huvipanua, na injini ikanywa petroli kupita kiasi. Akavilowesha, kisha akavipuliza kwa pampu ya baiskeli. Tangi hakuliamini kwa kutu yake. Akafunga kidumu kidogo juu, akateremsha mpira mpaka kwenye kabureta. Platini akaisugua kwa msasa laini, akaipima nafasi yake kiasi cha nusu milimita. Breki zilitupotezea siku mbili nzima, na mipira yake yote ilibadilishwa.

Ijumaa baada ya sala tukatia betri. Hata hapo hakuniruhusu kuiwasha. Akazungusha injini bila plagi, ili oili mpya ipande kwanza sehemu zote, mpaka taa nyekundu ya oili ikazimika. Ndipo akarudisha plagi. Nikakaa mahali pa Baba, nikasema Bismillahi, nikazungusha ufunguo. Ikakohoa. Nikazungusha tena, ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikanyamaza. Fundi akasogeza disributa kidogo sana kwa mkono. Mara ya tatu ikalipuka, ikawaka, ikatetemeka yote hata majani ya mwembe yaliyokuwa juu ya boneti yakaanguka. Moshi ukajaa ua, watoto wakapiga kelele, kuku wakakimbia. Mama, ambaye haoni vizuri sasa, alitoka mlangoni akashika nguzo, akauliza, "Nani amerudi?" Hakuna aliyemjibu.

Nilitazamia kuisikia sauti ya Baba. Nilichosikia ni injini ya motokaa, silinda moja ikigongagonga kidogo.

Tukaiuza mwezi uliofuata kwa mkulima wa Muheza, shilingi 2,400,000. Gharama za fundi na vyuma nilizilipa mimi, sikuzikata katika mali, kwani aliyeifanya ikahitaji ufundi ni mimi. Kabla haijaondoka, umbu langu aliomba apakiwe nyuma mara moja tu, mahali alipokuwa akikaa utotoni juu ya vikapu. Ndugu yangu akamwendesha mpaka barabara kuu, wakarudi.

Jioni tukaketi barazani tukagawa. Mama 300,000, sisi wanaume 840,000 kila mmoja, na umbu letu 420,000. Nikamwongezea kutoka fungu langu 192,500, ile tofauti na bei ya mwaka 2010, na ndugu yangu na Mama nikawaambia kuwa haki yao kwangu naijua, nitailipa kidogo kidogo. Ndugu yangu akanisamehe palepale. Mama akasema yeye hataki hesabu.

Umbu langu alihesabu noti zake taratibu, akazifunga katika pindo la kanga. Kisha akasema, "Kaka, wakumbuka mwaka 2013, mwanangu alipopasuliwa ngiri?"

Nikakumbuka. Alikuja kwangu usiku, akaniomba shilingi laki mbili. Nilimpa, na nilijiona mkarimu. Nilimpa kuwa ni deni, nikaandika katika daftari, naye akakaanga maandazi miezi minane, akanilipa mpaka senti ya mwisho. Na muda wote ule fungu lake lilikuwa uani kwangu, chini ya mwembe, likiota kutu.

"Lile deni nililipa lote, siyo?" akaniuliza. Hakuwa na hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kuhakikisha jambo.

Nikamjibu, "Ulilipa lote." Nikaingia ndani kulitafuta lile daftari.