Waya Usiobeba Sauti

Ukiona waya umetoka kwenye kinanda cha umeme kwenda kwenye kompyuta, waweza kudhani unapitisha sauti. Waya wa spika ndivyo ufanyavyo. Waya wa MIDI haubebi sauti hata kidogo. Hubeba maagizo tu: kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na kimeachiwa lini. Nguvu ya kidole huandikwa kwa tarakimu, kuanzia 1 hadi 127. Sauti yenyewe hutolewa na chombo kinachopokea.

Mfumo huu, uliobuniwa hasa kwa juhudi za Mmarekani Dave Smith na Mjapani Ikutaro Kakehashi, ulianza kutumika mwaka 1983. Kabla ya hapo vinanda vya kampuni mbalimbali havikuwa na lugha moja. Januari mwaka huo, huko Marekani, kinanda cha Sequential Circuits kiliunganishwa na cha Roland mbele ya watu. Kikapigwa kimoja, vikalia vyote viwili.

Kuunganisha si kazi ngumu. Tundu lililoandikwa OUT ni mdomo, na lililoandikwa IN ni sikio. Waya hutoka mdomoni kwa mmoja na kuingia sikioni kwa mwenzake. Ukiunganisha mdomo kwa mdomo, hutasikia kitu. Kisha vyombo vyote viwili viwekwe kwenye chaneli moja, kati ya zile 16. Siku hizi vinanda vingi hutumia waya wa USB, lakini maagizo ni yale yale.

Kwa mwalimu wa zamani jambo hili si geni. Chuoni, nilipowafundisha walimu tarajali, tuliandika nyimbo ubaoni kwa do, re, mi. Ubao hauimbi. Hueleza tu kiimbwe nini. Sauti huletwa na kifua cha mwimbaji.

Haya niliyatafakari sana hapa Masoko alipofariki mwalimu wa kwaya yetu, aliyekuwa mwanafunzi wangu. Katika kompyuta ya kwaya aliacha nyimbo chache alizozipiga kwa njia hiyo wakati wa mazoezi. Vijana walitaka nyimbo hizo ziongoze kwaya. Akina mama wakakataa. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, marehemu aachwe apumzike."

Nikawajibu kwamba kilichomo si sauti yake, ni mwandiko wake. Na barua za marehemu hatuzichomi, twazisoma. Wakakubali tusikilize wimbo mmoja. Kinanda kikalia bila mtu kukigusa. Kwenye ubeti wa tatu, kabla ya besi kuingia, muziki ukasita kidogo. Sote tuliujua ule msito. "Anawasubiri wazee wa besi," akasema yule mama, akajifuta macho.

Baada ya hapo tuliafikiana. Kijana anayejifunza kinanda azisikilize nyimbo zile kama darasa, ajue mkono wa mwalimu wake ulivyokuwa. Ibadani apige mwenyewe. Maana mwandiko ule una mdomo, hauna sikio. Unangoja pale besi walipochelewa siku ile. Hauwezi kujua watachelewa wapi leo. Kuongoza kwaya ni kusikiliza kwanza, na kazi hiyo yataka mtu aliye hai.