Nesi Kaenda Semina

SEHEMU YA 1: Neno linalowaudhi

 

Leo sizungumzii uji wa lishe wala chanjo. Nazungumzia neno moja ambalo najua linawaudhi wengi: semina. Nyumbani kwetu Mbwera, kule delta ya Rufiji, nikienda likizo sikosi kuulizwa. Shangazi mmoja aliniuliza bila kupepesa macho: "Hivi mwanangu, nyie manesi si mmesoma miaka mitatu? Hiyo semina kila siku mnafundishwa nini ambacho hamkufundishwa chuo? Au ni posho tu?"

Nilicheka, lakini swali lenyewe si la kucheka. Mtu amempanda mtumbwi mke wake mwenye uchungu, anafika zahanati anaambiwa nesi kaenda semina. Huyo ana haki ya kuuliza semina hiyo imemletea nini yeye na mwanawe.

Kwa hiyo nimeamua kujibu kwa marefu. Someni polepole, hata mkiwa mnanyonyesha.

SEHEMU YA 2: Tunafundishwa nini?

Kwanza, ukweli wa posho. Ndiyo, ipo. Mtu akisafiri kikazi lazima ale na alale mahali. Na ndiyo, wapo wanaoandika jina asubuhi, wanachukua posho mchana, na jioni hawakumbuki hata kichwa cha somo. Tusifichane, mimi na nyie ni watu wa nyumbani.

Lakini kazi yetu haisimami. Dawa zinabadilika, miongozo inabadilika. Ndiyo maana Baraza la Uuguzi na Ukunga linatutaka tuendelee kujifunza ili leseni zetu zihuishwe. Na si sisi tu. Hata wahadhiri wa vyuo vikuu huitwa kwenye warsha wafundishwe namna ya kufundisha, kwa sababu mtu anaweza kuwa bingwa wa somo lake na bado darasa zima likatoka halijaelewa.

Sasa nichukue somo moja tu, linalowagusa nyie moja kwa moja: mtoto aliyezaliwa hapumui.

Watoto wengi wakitoka tu wanalia wenyewe. Takriban mmoja kati ya kumi anahitaji msaada kidogo ili aanze kupumua. Kwa wengi wao msaada wenyewe ni kupangusa tu: unamkausha kwa kitambaa kikavu, unatoa kile kilicholowa, unamsugua mgongo. Wachache hawaitiki hata kwa hayo. Hao tunawapa hewa kwa ambu, ule mfuko wa mpira wenye kibarakoa kinachofunika pua na mdomo. Na hilo lifanyike kabla dakika moja haijaisha tangu azaliwe. Tunaiita dakika ya dhahabu.

Dakika moja, mama. Hakuna muda wa kwenda kufungua daftari la semina.

Mafunzo haya kwa Kiingereza yanaitwa Helping Babies Breathe, yaani kuwasaidia watoto kupumua. Tanzania ilianza kuyajaribu mwaka 2009 katika hospitali nane. Mwaka 2013 Dk. Georgina Msemo na wenzake walitoa matokeo: katika hospitali zile, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47.

Kwa hiyo shangazi, tunafundishwa kitu. Lakini ngoja, hadithi haijaisha, na sehemu inayofuata ndiyo iliyonifanya niandike.

SEHEMU YA 3: Cheti hakipumulishi mtoto

Kuna hospitali inaitwa Haydom, huko Mbulu, mkoa wa Manyara. Ni mbali na mjini, kama sisi wa delta, ila wao wana milima na vumbi pale ambapo sisi tuna mikoko na matope.

Mwaka 2010 wahudumu wa Haydom walipewa mafunzo haya kwa siku moja. Baadaye wakapimwa kwa mdoli, na wengi walifanya vizuri zaidi kuliko kabla ya mafunzo. Lakini watafiti hawakuishia kwenye mdoli. Waliangalia pia leba, kwa watoto wa kweli. Huko hali ilikuwa karibu ile ile. Ujuzi uliishia kwenye mdoli, haukuvuka mlango wa leba.

Hebu lifikirieni hilo kidogo. Watu walifundishwa, walielewa, na mtihani wa mdoli waliufanya vizuri. Lakini mtoto aliyelegea hakuona faida ya siku ile.

Wangeweza kusema manesi wavivu, waitwe semina nyingine ndefu zaidi. Hawakufanya hivyo. Kuanzia mwaka 2011 waliuleta mdoli pale pale kazini. Kila wiki, dakika 3 mpaka 5, mhudumu anashika ambu, anafanya mazoezi, anarudi kwenye zamu yake. Hakuna safari, na wodi haibaki tupu.

Estomih Mduma na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2015. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Tofauti yake ni karibu watoto wanne katika kila elfu moja. Ukiisoma kwenye karatasi unaona namba ndogo. Mwulize mama mmoja wa hao wanne kama ni ndogo.

Wazo hilo limeendelea kukua. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya mpango mkubwa zaidi uliofanyika katika vituo 30 vya mikoa mitano: Geita, Manyara, Mwanza, Shinyanga na Tabora. Ndani yake yamo mazoezi haya mafupi ya mara kwa mara, pamoja na vifaa na kufuatilia takwimu za kituo chenyewe. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na muda mfupi baadaye vilipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000.

SEHEMU YA 4: Kwa nini mikono inasahau

Kwani nesi aliyesoma anasahauje? Nyie wenyewe mnajua jibu.

Msichana hafundishwi kusuka ukili kwa kukaa darasani siku moja. Anakaa na bibi yake, anasuka, anafumuliwa, anasuka tena. Vidole vikizoea, anasuka huku anapiga soga. Kijana wa kwetu hafundishwi kupita mikondo ya delta kwa ramani. Anakaa kwenye mtumbwi na mtu mzima, maji kujaa na maji kupwa, mpaka anajua hata usiku wapi pana fungu la mchanga.

Ambu nayo ni hivyo hivyo. Inataka kichwa cha mtoto kikae sawa, kisiinamie wala kisipinduke sana nyuma. Kibarakoa kikae vizuri hewa isivuje. Mkono ubane kwa kipimo, huku macho yanaangalia kifua: kinapanda au hakipandi? Yote hayo mama yuko pale pale anauliza, "Mbona halii? Nesi, mbona mwanangu halii?"

Na kwa kuwa watoto wanaohitaji ambu ni wachache, nesi wa kituo kidogo anaweza kukaa miezi bila kuishika. Siku ikija, inakuja usiku na yuko peke yake. Hapo huwezi kutegemea semina ya mwaka juzi.

Kwetu wodini tuna mdoli wa mazoezi. Unajazwa maji mpaka unakuwa mzito kama mtoto kweli, na ukimpa hewa sawasawa kifua kinapanda. Tumempa jina, Tatu. Mwanzoni wenzangu walimwona kama mchezo: "Haya, Tatu kazaliwa tena leo!" Tunacheka, lakini tunafanya. Anayefanya vibaya anaelekezwa hapo hapo bila kuaibishwa, awe mwanafunzi au mkongwe.

Usiku mmoja tulikuwa wawili kwenye zamu, mimi na binti mmoja ambaye hajamaliza hata mwaka kazini. Mimi niko na mama mmoja anayetoka damu, siwezi kumwacha hata hatua moja. Kitanda cha pili mtoto akazaliwa, kimya, amelegea kama kitambaa. Nilimwona yule binti akimpangusa, akamsugua, akaona hakuna kitu, akamsogeza mezani na kushika ambu. Hakuniita, hakukimbia. Midomo yake ilikuwa inahesabu taratibu vile vile anavyohesabu kwa Tatu. Kifua kikapanda. Kikapanda tena. Halafu tukasikia kile kilio chembamba cha kuudhika.

Mama wa mtoto yule hakuwahi kujua tuna mdoli. Alijua tu kwamba mwanawe amelia.

SEHEMU YA 5: Sasa rudi delta

Semina ya mjini, kwa nesi wa delta, hebu tuihesabu. Huanzi kuuliza basi, unaanza kuuliza maji. Maji yakipwa mkondo unabaki matope na boti inasubiri. Utoke mpaka Nyamisati, upande gari ufike Kibiti kwenye barabara kuu, na kama semina ni Dar es Salaam au Morogoro, safari bado. Semina ya siku tatu inakula siku tano, na hapo bahari imetulia. Mwezi wa masika usiongee.

Siku hizo tano zahanati iko na nani? Kama wahudumu ni wawili, amebaki mmoja. Naye akilala au akiugua, mama mwenye uchungu afanyeje?

Sisemi semina zifutwe. Kuna mambo lazima uende ukakae na wenzako, usikie ya vituo vingine, ushike kifaa kipya, umuulize mtaalamu ana kwa ana. Mimi mwenyewe nimetoka kwenye mafunzo kama hayo nikiwa mtu mwingine. Ninachosema ni kwamba semina iwe mwanzo. Nesi akirudi na cheti pekee, safari ile imeliwa na maji. Akirudi na mdoli na ambu ya mazoezi ndani ya boksi, na akapangiwa siku ya wiki ya kufanya na mwenzake, hapo delta imepata kitu. Mdoli haulipwi posho. Unavuka kwa boti, unakaa kabatini, unawasubiri.

Na kwa nini nalisema sasa? Kwa sababu nchi yetu imepiga hatua kubwa kwa akina mama. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta vifo 556 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikuta 104. Tumshukuru Mungu, na tuwashukuru waliofanya kazi. Lakini kwa watoto wa siku 28 za kwanza, namba ilikuwa 25 kwa kila 1,000, na mwaka 2022 ikawa 24. Imesogea moja tu. Mama tunazidi kumrudisha nyumbani salama, ila bado wapo wengi mno wanaorudi mikono mitupu.

SEHEMU YA 6: Wewe ufanye nini?

Usisikie haya ukaogopa kujifungua kituoni. Kinyume chake, kajifungulie kituoni. Ambu iko kule, nyumbani haipo. Ila na wewe una sehemu yako:

1. Kama unakaa mbali na kituo, kwenye visiwa na vitongoji vya ng'ambo, usisubiri uchungu ndipo uulize boti. Wiki za mwisho sogea kwa ndugu aliye karibu na kituo. Maji hayamsubiri mtu.

2. Kwenye mkoba wako weka kanga au vitenge safi, vikavu, visivyopungua viwili kwa ajili ya mtoto peke yake. Kimoja cha kumkausha, kingine cha kumfunika. Umeona mwenyewe hatua ya kwanza ni kupangusa. Kanga yako kavu ni kifaa cha hospitali siku hiyo.

3. Mtoto akizaliwa na nesi akamchukua haraka, usimvute mkono. Mwache afanye. Atakueleza baadaye, na una haki ya kuelezwa.

4. Ukienda kliniki, muulize nesi kwa heshima: "Dada, nyie mazoezi ya kumsaidia mtoto kupumua mnafanya siku gani?" Asiye na mazoezi atajisikia vibaya kidogo, si mbaya. Mwenye nayo atafurahi kuulizwa.

5. Kina baba, kamati ya kituo ina wajumbe kutoka kwa wananchi. Mkutano ukiitishwa, msiulize dawa na choo peke yake. Ulizeni: "Nesi wetu alikwenda semina. Karudi na nini, na nani mwingine hapa kashafundishwa?" Ulizeni pia, akienda nani anabaki.

Swali lile la posho lina kinyongo ndani yake, na kinyongo hakimfikii mtoto. Hili la "karudi na nini" linamfikia.

Kesho, Mungu akipenda, naandika kuhusu kitovu: nini cha kupaka na nini cha kutopaka kabisa. Najua bibi zetu hawatanipenda. Laleni salama, na watoto wapate usingizi.