Pedali tatu na betri moja

Kijana wa kwaya akija kuniuliza mambo ya pedali, anaanza na majina. Ninunue ya kampuni gani? Ile niliyoona kwenye simu, Kampala iko? Mimi namuuliza: umeme wako uko wapi? Hapa Lobule hilo njo swali la kwanza. Kanisa letu lina sola moja juu ya bati, betri moja chini ya meza, na jenereta ambalo linanguruma Jumapili kama sadaka ya wiki hiyo imetosha petroli.

Kwa wale wasiopiga gitaa, na hasa nyinyi wa mashirika mnaosoma kijarida hiki: pedali ni kisanduku kidogo cha chuma kinachokaa chini, unakikanyaga kwa mguu. Sauti ya gitaa la umeme inaingia upande wa kulia, inageuzwa ndani, inatoka upande wa kushoto kwenda kwenye ampli. Ukiwa na pedali kadhaa unazifunga juu ya ubao mmoja pamoja na waya zake, ili usianze kutafuta waya moja moja wakati Pasta ameshasimama. Ni hivyo tu. Kazi iliyobaki ni kuchagua.

Karibu pedali zote ndogo zinakula volti 9, na ncha hasi iko katikati ya plagi. Chaja nyingi za redio na za modemu ziko kinyume, chanya iko katikati. Kwa hiyo usichomeke chaja yoyote kwa sababu tu "inaingia". Tazama kwanza kale kamchoro ka duara kwenye mgongo wa chaja na kwenye pedali, vifanane. Na betri ya sola usiiunge moja kwa moja. Kwa jina ni volti 12, lakini jua likiwa kali inapanda hadi 14 na kitu. Pedali ya volti 9 ukiilisha hiyo, unaweza kuizika kabla ya wimbo wa kwanza.

Sisi tulikwenda kwa fundi wa redio sokoni Koboko. Mafundi hao wana kipande chenye miguu mitatu kilichoandikwa 7809. Kinapokea volti 12, kinatoa 9, na ile ziada inageuka joto, ndiyo sababu fundi anakifunga kwenye kibati cha aluminiamu kipoe. Aliweka pia fyuzi upande wa betri, jambo ambalo wengi wanaliruka. Hesabu yake ni nyepesi. Pedali zetu tatu kwa pamoja hazifiki miliampia 100. Betri ndogo ya ampia-saa 7, ukitumia nusu yake tu ili isichakae mapema, inakupa saa 35. Hata mkesha wa mwaka mpya haufiki huko.

Tena kuna ukimya. Inverta za bei ya chini hazitoi umeme laini, zinatoa umeme wa kukwaruza, na pedali zinaukuza ule mkwaruzo mpaka unausikia katikati ya maombi. Ukitumia betri, mkwaruzo wa upande wa pedali unaisha. Ampli bado inategemea jenereta, na jenereta ni jenereta.

Sasa pedali zenyewe. Ubao wetu una kompresa, koras na dilei, kwa mfuatano huo kutoka gitaa kwenda ampli. Tyuna siihesabu, maana ni ile ya kubana kwenye kichwa cha gitaa. Inasikia mtetemo wa mbao, kwa hiyo inafanya kazi hata kama ngoma zinapigwa. Tyuna ya kwenye simu inasikia kanisa zima, inachanganyikiwa.

Kompresa ni pedali isiyo na sifa. Inainua noti dhaifu na kukandamiza zile kali, basi. Mtu ambaye hajapiga sebene hataona kazi yake. Lakini pale wimbo unapofunguka, watu wanaanza kucheza na gitaa linakimbia kwenye nyuzi nyembamba, noti moja ikizama mguu wa mchezaji unakosa mahali pa kukanyaga. Sikiliza kanda za Paris za miaka ya 1980, Diblo Dibala akipiga na Kanda Bongo Man: gitaa ni safi, halina moshi, kila noti ina mwanzo na mwisho wake. Huo njo usafi tunaoutafuta. Koras inaongeza upana kidogo. Ilianzia ndani ya ampli ya Roland JC-120 mwaka 1975, na mwaka uliofuata ikatoka kama pedali, Boss CE-1. Mimi naizungusha kidogo sana. Ukizidisha, gitaa linaonekana kama limelewa.

Dilei ndiyo iliyoniletea maneno mengi kutoka kwa vijana, kwa hiyo nikae hapo.

Dilei ni mwangwi. Unapiga noti moja, inarudi baada ya muda uliouweka. Kwenye video za kuabudu za Australia na Marekani utasikia gitaa likidondoka kama mvua juu ya bati, mpigaji anapiga kidogo na sauti zinakuwa nyingi. Ujanja huo ulijulikana duniani kupitia The Edge wa U2, hasa kwenye albamu yao ya mwaka 1987, The Joshua Tree, halafu makanisa yakauchukua. Siri yake ni hesabu. Gawanya 60,000 kwa mapigo ya dakika moja, unapata milisekunde za pigo moja, kisha chukua robo tatu. Wimbo wa polepole wa mapigo 72: pigo ni 833, robo tatu ni 625. Weka dilei hapo, mwangwi utaangukia katikati ya noti zako badala ya kuzigonga.

Vijana wetu wanajua hilo kutoka kwenye simu. Wasichokijua wengi ni kwamba sisi Wakongomani tulikuwa na kazi hiyo kabla ya pedali, na iliitwa mtu. Orkestra za Léopoldville zilikuwa na gitaa la solo na gitaa la akompa, na baadaye likaingia la katikati, mi-solo. Docteur Nico alipiga solo, kaka yake Dechaud alishika akompa chini yake. OK Jazz ya Franco, iliyoanza mwaka 1956, ilifika mahali pa kuwa na magitaa mengi jukwaani kwa mara moja. Mi-solo kazi yake ni kujaza nafasi kati ya wawili hao, kurudia kafungu kadogo bila kuchoka, ili solo akiondoka kwenda mbali wimbo usibaki uchi.

Kanisa letu lina gitaa moja. Mi-solo hatuna, akompa hatuna. Nikiingia sebene ya mapigo 130, naweka dilei kwenye milisekunde 346, irudi mara moja tu, sauti yake iwe chini ya yangu. Basi kale kafungu ninakopiga kanarudi kenyewe kwenye nafasi ya mi-solo, nami napata uhuru wa kupanda juu. Sio pambo. Ni kiti cha mtu ambaye hayupo, na tukimpata huyo mtu mimi nitaizima dilei kwa furaha.

Ovadraivu tumeiacha nje. Ni ile pedali inayokwaruza sauti, inayoipa gitaa ukali. Kijana mmoja aliniambia, "Yaya, bila ovadraivu ile adorasio haina moto." Nimemwelewa. Kwenye nyimbo za video anazozipenda, moto unatoka pale, wimbo unapanda na gitaa linajaa. Lakini moto wa kwetu unatoka kwenye ngoma, makofi na vigelegele vya mamama. Ukikwaruza sebene, zile noti zinashikana kama ugali usioiva. Na kuna adungu.

Wageni labda hawajaziona: adungu ni vinubi vya upinde, asili yake ni Waalur, na leo vinapigwa makanisani huku West Nile, vidogo kwa vikubwa. Ile kubwa kabisa inashika besi. Tukifanya ibada ya pamoja na wenyeji, adungu zinakaa kushoto na sisi kulia, na gitaa lenye ovadraivu linazifunika zote kwa dakika moja. Kwa hiyo siku hizo napunguza besi kwenye ampli hadi karibu na sifuri, naiacha dilei imezimwa, napiga kwenye nyuzi tatu za juu tu. Wapiga adungu hawakuniomba. Lakini tangu nilipoanza kufanya hivyo wanageuza viti kunitazama, tunapeana macho pa kubadilisha.

Kuna jambo la pesa, na hapa kambini huwezi kuandika juu ya pedali ukalipita. Lobule imepokea watu wetu tangu 2013. Mgao ulishuka hadi asilimia 70 mwaka 2020, ukashuka hadi 60 mwaka uliofuata, na mwaka 2023 tukagawanywa katika makundi, wengine wakabaki bila kitu. Pedali zetu zilinunuliwa ndani ya miaka hiyo hiyo. Zilitoka kwenye shilingi 500 na 1,000 za watu, na kwenye maharage yaliyouzwa na akina mama wa kwaya. Mtumishi wa shirika moja aliniuliza kwa upole kama hizo pesa hazingefaa chakula. Ni swali la haki. Nilimjibu kwamba waliotoa ndio wenye njaa, nao waliamua. Lakini jibu hilo linamfunga mpigaji pia. Kila kilicho juu ya ubao lazima kiweze kujieleza mbele ya aliyetoa.

Mama mmoja mzee alinijaribu hapo. Baada ya ibada alikuja mpaka kwenye ubao, akaonyesha kwa kidole: "Mwana, ile kintu ya chini inafanya kazi gani? Njo ilikula pesa yetu?" Nilimwomba akae. Nikapiga kafungu bila dilei, halafu nayo. Mara mbili, mara tatu. Akacheka. "Kumbe unajifanyia mwenzako." Sijasikia maelezo mazuri zaidi ya hayo. Kompresa hakuielewa, na ukweli sina uhakika kama nilimweleza vizuri. Alisema tu, "Hiyo sawa, kama unaiona weye."

Ubao wenyewe haukugharimu. Mbao mbili, sentimita 55 kwa 25, zimeachwa na nafasi katikati ili waya zipite chini, na nyuma zimeinuliwa kwa vipande vya mti ili mguu ufikie pedali ya mbali. Wengine wanatumia ile nguo ya kunata. Huku vumbi linaiua upesi. Sisi tumefunga kila pedali kwa mkanda wa tyubu ya baiskeli, ule ule ambao boda anafungia magunia. Unashika, na ukitaka kutoa pedali unaivuta tu. Paka mbao oili chafu chini, mchwa wasiionje. Jeki fupi za kuunganisha pedali ni mahali pa kwanza pa kuharibika, kwa hiyo jifunze kulehemu mwenyewe kwa risasi, na uweke moja ya akiba. Mvua ikija funika ubao kwanza, halafu ampli, halafu wewe.

Kwenye mkebe wa kwaya sasa kuna pesa za kitu kimoja. Vijana wanataka mashine ya pedali nyingi ndani ya kisanduku kimoja, kama Zoom G1 Four, na siwezi kuisema vibaya: inatembea kwa betri nne ndogo za tochi, na mtu asiye na sola wala fundi ingemfaa kuliko ubao wangu wote. Mimi napendekeza maikrofoni. Tuna moja, na inakaa kwa kiongozi wa sifa anayeimba Kilingala. Mamama wanaoitikia kwa Kikakwa na Kilogo wanasimama nyuma ya ampli yangu, na hata nikipunguza namna gani, viti vya mwisho vinanisikia mimi kabla yao. Pedali ya kutatua hilo haijatengenezwa.

Kamati inakutana Jumamosi saa 9 mchana. Anayetaka kusikia kompresa peke yake kabla ya kuamua, aje saa 8, betri itakuwa imejaa.